Bi Arvilla na Geti Lililokutwa Wazi

Mwanamke aliyewapikia watoto wa shule tangu ujana wake hadi kustaafu hahitaji kutambulishwa katika mji mdogo kama wetu wa Cotter, hapa Wyoming, kwa kuwa nusu ya watu wazima wanaompisha njiani aliwahi kuwaamuru wamalize karoti zao. Bi Arvilla Hesketh alikuwa mwanamke wa namna hiyo: mfupi, mkavu wa mwili, mwenye sauti iliyozoea kushindana na kelele za masufuria. Kila Septemba, vichaka vya pakanga vinapochanua vijiua vyake vya manjano na nyika nzima kunukia dawa chungu, alitoka na bunduki ya marehemu baba yake kutafuta swala mmoja wa kumvusha majira ya baridi. Hakuwinda kwa ajili ya pembe. Pembe alizozipata maishani mwake alizipigilia misumari katika ukuta wa banda lake, akatundikia aproni, kamba na mpira wa kumwagilia bustani.

Swala wetu huyu mwenye pembe za panda si ndugu wa swala wa kwingineko, wala si mbuzi, ijapokuwa wenyeji humwita mbuzi kwa dharau yenye mapenzi ndani yake. Sheria ya kale ilimhalalisha mnyama mwenye kwato zilizopasuka na mwenye kucheua. Yeye anatimiza masharti yote mawili, jambo ambalo Bi Arvilla alipenda nilitaje mezani kabla ya kuomba baraka, kana kwamba nyama ya sufuriani ingepata ladha zaidi kwa kuthibitishwa na wanazuoni. Nilikuwa mchungaji wake, kisha nikazeeka, nikabaki kuwa jirani yake.

Mwaka ninaousimulia, Mola alimjaribu katika jicho. Ukungu ulikuwa umelitanda jicho lake la kulia, lile la kulengea, na katika majira ya machipuko daktari akamtoa mtoto wa jicho. Alirudi na kioo kidogo ndani ya mboni, akasema kwamba amegundua kuta za jikoni mwake si za manjano hafifu kama alivyodhani, bali ni nyeupe. Mwezi Juni kura ya leseni za kuwinda ilimwangukia, na habari hiyo ikafika katika mkahawa wa mjini kabla yeye mwenyewe hajafika.

"Arvilla," alimwita mfugaji mmoja wa kondoo kutoka meza ya pembeni, "nasikia wamekuwekea jicho la plastiki. Ukiona kitu cheupe kilimani, tafadhali uliza kwanza. Kinaweza kuwa kondoo wangu."

"Nikimpiga kondoo wako nitakuwa nimemfanyia hisani," akajibu Bi Arvilla, bila kuinua uso kutoka kwenye kahawa yake. "Maskini, atakuwa amepumzika kuishi na wewe."

Mkahawa mzima ulicheka, naye akacheka. Lakini jioni ile, tukiwa tumeketi barazani kwangu, alikiweka kikombe chini akanena kwa sauti ambayo haikuwa ya mkahawani.

"Mchungaji, nikimjeruhi mnyama akaenda kufia nisikokujua, basi. Hiyo ndiyo ya mwisho. Bunduki naitundika pamoja na aproni. Sitaki kiumbe ateseke porini kwa sababu kuna bibi kizee hakutaka kukubali kuwa kazeeka."

Nilimwambia kwamba hilo ni neno la haki. Sikumwambia kwamba naliogopa. Tangu Lyman, mume wake, alipofariki, nyika ndiyo iliyomtoa kitandani, na mtu akinyang'anywa kinachomtoa kitandani huwa hakawii kufa.

Siku yenyewe nilimfuata ili asiwe peke yake. Yeye aliendesha pikapu, mimi nikakaa kiti cha abiria; na katika nchi yetu abiria ana kazi. Mageti ya huku ni nyaya za seng'enge zilizofungwa kwenye vijiti, zikavutwa mpaka kigingi cha mwisho na kushikwa kwa kitanzi cha waya. Kulifungua geti la namna hiyo ni kulikumbatia kwa bega na kulisukuma kama mtu anayegombana na jamaa yake. Dereva hashuki. Abiria ndiye anayeshuka, awe mke, mgeni au mchungaji.

"Shuka, Mchungaji."

"Magoti yangu, Arvilla."

"Mungu ayaponye. Lakini geti halijifungui."

Nilishuka, nikalikumbatia, nikalifungua, akapita, nikalifunga tena, kwa kuwa tulikuwa tumelikuta limefungwa. Geti huachwa kama lilivyokutwa. Kanuni hiyo mtoto wa huku huijua kabla ya kujua kusali, na kuna wazee wanaoishika kwa uaminifu zaidi kuliko sala.

Tuliacha gari katika bonde kavu ndani ya ardhi ya umma, ile ambayo ramani ya simu yake iliipaka rangi ya njano. Ng'ambo ya mwinuko wa mashariki rangi ya njano ilikoma, ikaanza nyeupe ya ardhi za watu binafsi, na juu ya weupe huo lilikuwa limeandikwa jina moja: Rukavina. Nilimwona akilitazama jina hilo, kisha akaizima simu. Tulivaa vizibao vya rangi ya chungwa, tukapanda kilima kidogo kwa kuinama, na karibu na kilele tukalala kifudifudi kati ya pakanga na dungusi.

Walikuwako. Majike kadhaa walikuwa wakila nyasi kwenye tambarare, na dume mmoja mwenye shavu jeusi akiwazunguka kwa wivu wa sultani. Umbali ulikuwa mkubwa mno, na hapakuwa na kichaka cha kuficha hata sungura. Macho ya mnyama huyu ni makubwa kupita kiasi cha kichwa chake. Humkaribii kwa kificho ila kwa rehema. Hata hivyo ana udhaifu mmoja, nao ni udhaifu wa wasomi: akiona jambo asilolifahamu, hawezi kwenda zake bila kulichunguza.

Bi Arvilla alitoa aproni nyeupe ya jikoni mfukoni, akaifunga kwenye fimbo, akanipa.

"Ipunge. Polepole. Kama unamfukuza nzi asiyekukera sana."

Niliipunga. Dume aliinua kichwa. Alisogea, akasimama, akapiga kwato chini, akapuliza pua kwa hasira, akazunguka upande, akarudi. Nilihisi mkono wangu ukifa ganzi.

"Anakuja kuona nani mpishi," alinong'ona Bi Arvilla. "Usiache. Usicheke."

Dume alisimama ubavu. Bunduki ikalia.

Majike walitimka kama vumbi lililopulizwa. Dume aliruka, akayumba kidogo, au mimi nilidhani aliyumba, kisha akakimbia kuelekea mashariki kwa mbio zile ambazo hakuna mnyama mwingine wa nchi hii anayeziweza. Alifika kwenye uzio, akajilaza, akapita chini ya waya wa chini kabisa, kwa maana hawa hawajui kuruka nyaya, wanajua kunyenyekea tu. Akapanda mwinuko, akazama upande wa pili.

Bi Arvilla alibaki amelala, shavu lake likiwa bado limegusa bunduki.

"Nilimwona vizuri," akasema. "Nilimwona vizuri kabisa. Sijawahi kumwona mnyama vizuri hivyo."

Tulishuka mpaka pale dume alipokuwa amesimama. Hapakuwa na damu. Tulifuata nyayo mpaka kwenye uzio, yeye akiwa ameinama, mimi nikiwa nyuma nikiomba kimoyomoyo. Kwenye miiba ya waya wa chini palikuwa na shungi la manyoya. Alilichukua, akalilaza kiganjani. Yalikuwa meupe.

"Ya tumboni," akasema. Uso wake ulikauka. "Nimempiga tumbo, Mchungaji."

Hata mimi nisiye mwindaji nilijua maana yake. Mnyama aliyepigwa mapafu huanguka upesi. Aliyepigwa tumbo hutembea na kifo chake mchana kutwa. Jua nalo lilikuwa limeshaanza kuuma, na nyama ya swala haimngoji mtu kwenye joto.

Uzio ulitufika kifuani. Ng'ambo yake hapakuwa na mtu, gari wala mbwa. Palikuwa na hatua chache tu mpaka kwenye mwinuko, na mtu angeweza kuchungulia akarudi, na Mungu peke yake angejua. Bi Arvilla aliushika waya wa juu, akasimama hivyo kwa muda, kisha akauachia.

"Ardhi ya mtu," akasema. "Twende tukamwombe."

"Delmer Rukavina?"

"Unamjua Rukavina mwingine?"

Mji mzima ulijua kwamba nyumba ya Hesketh na nyumba ya Rukavina hazisemezani. Zamani, katika kiangazi kikali, Lyman alipita kwenye shamba la Delmer kwa ruhusa, akalifunga geti lililokuwa wazi. Delmer alikuwa ameliacha wazi makusudi, ili ng'ombe wa upande mmoja wafike kwenye hodhi ya maji ya upande wa pili. Yeye mwenyewe alikuwa ameondoka kwenda kumzika dada yake jimbo la jirani. Aliporudi, alikuta ng'ombe na ndama wao wamelala kwenye geti, wamekufa kwa kiu, pua zao zikielekea maji. Lyman alikwenda na kofia mkononi, akasema ni yeye. Tangu siku hiyo, Delmer akikutana na mmoja wao dukani, aliinamisha kichwa, akapita.

Tulizunguka na pikapu mpaka njia iingiayo kwa Rukavina. Tulipofika kwenye geti tulilikuta limefunguliwa, nyaya zake zimeviringishwa na kuegemezwa kwenye nguzo. Tulipita. Mimi, kwa mazoea ya asubuhi nzima, nikaushika mkono wa mlango ili nishuke nikalifunge.

"Usiguse!"

Alikanyaga breki kwa nguvu, kofia yangu ikaanguka miguuni.

"Ndilo lenyewe," akasema. "Na nililikuta hivihivi. Wazi, limeegemezwa hivihivi."

Sikuelewa mara moja. "Ulilikuta?"

"Mimi, Mchungaji, si Lyman. Mimi ndiye niliyelifunga. Tulikuwa tumeongea njia nzima, na nikaona geti liko wazi, nikajisemea, kuna mpuuzi kaliacha wazi, ng'ombe wa Delmer watatoka. Nililifunga kwa adabu. Nilijiona nimefanya jambo jema, mpaka nikaimba kidogo." Alipangusa uso kwa kifundo cha mkono. "Lyman akaniambia nikae ndani, ataongea yeye. Nikakaa. Kisha akafa, na mimi bado nimekaa."

Nimesikiliza maungamo mengi, na nimejifunza kwamba yapo yasiyomhitaji mchungaji. Nikamwambia, "Anayepaswa kuyasikia haya yuko mbele, siyo mimi." Akalitia gari gia.

Njia ilishuka bondeni. Pale chini kinu cha upepo kilikuwa kikizunguka taratibu, kikivuta maji kwenye hodhi, na ng'ombe weusi wamejipanga ukingoni. Ng'ambo ya hodhi, kati ya pakanga tupu, pikapu kuukuu ya Delmer Rukavina ilikuwa imeegeshwa kimshazari, mahali ambapo hapakuwa na kazi yoyote ya pikapu. Yeye mwenyewe alikuwa ameegemea mlango, mzee mrefu mwenye masharubu ya rangi ya moshi, akinywa kahawa kwa kifuniko cha chupa ya chai. Hakusogea.

Bi Arvilla aliteremka, akaiacha bunduki garini. Nikamfuata kwa mbali kidogo.

"Delmer."

"Arvilla. Mchungaji." Alinywa. "Joto mapema leo."

"Mapema sana. Delmer, nimempiga dume kule kwenye ardhi ya umma, kapita chini ya uzio wako. Nadhani nimempiga vibaya. Nimekuja kuomba ruhusa nimtafute."

Delmer alifungua kinywa. Bi Arvilla akainua mkono, kama alivyokuwa akiwanyamazisha watoto kwenye foleni ya chakula.

"Ngoja. Usijibu bado. Ukishasikia hili unaweza kuninyima, na itakuwa halali yako. Lile geti. Lyman hakulifunga. Mimi ndiye niliyelifunga, na nikamwacha abebe. Basi. Nimemaliza."

Kinu kilizunguka. Delmer alimwaga masalia ya kahawa chini, akalitazama lile tope dogo likinywewa na ardhi.

"Arvilla," akasema, "Lyman alikuwa akimwendesha nani?"

"Alikuwa akiendesha gari, unauliza nini?"

"Nauliza kiti cha abiria alikaa nani."

Bi Arvilla aligeuka akakitazama kiti nilichokuwa nimekalia.

"Nilimjua Lyman tangu tuko shule," Delmer akaendelea. "Tangu akuoe, hakuna siku niliyomwona anashuka kufungua geti. Hata hapo kwangu, akija kukopa spana, wewe ndiye uliyekuwa unapigana na nyaya na yeye amekaa anapiga mluzi. Halafu anakuja amevua kofia ananiambia, 'Nimelifunga mimi.' Nikajisemea, huyu hata hajui kitanzi kiko upande gani."

"Ulijua?"

"Mwanamke wewe, nchi nzima ingejua kama ingefikiri kidogo!"

"Sasa kwa nini ulininunia miaka yote hii?"

"Ningefanyaje? Nimwite mumeo mwongo, naye amekuja kumkinga mkewe? Mimi si mshenzi." Sauti yake ilishuka. "Vifo vya ng'ombe viliniuma, sikatai. Lakini viliacha kuniuma. Nikabaki nakungoja wewe. Nikajua siku moja utakuja. Kumbe unataka mpaka mbuzi akutangulie."

Bi Arvilla alitoa sauti ambayo mwanzo niliidhani kilio. Kilikuwa kicheko, au vyote viwili vilivyogombania mlango mmoja. Aliegemea boneti ya gari la Delmer, akaishika kwa mikono miwili.

"Basi nipe ruhusa," akasema, akivuta kamasi. "Nipe ruhusa kabla nyama haijaharibika, mzee mkaidi. Mnyama wa watu anateseka huko."

"Hateseki mtu," akasema Delmer. "Zunguka huku."

Tulizunguka nyuma ya pikapu. Kule, katika kivuli ambacho gari lile lilikuwa limekitupa juu ya pakanga, dume mwenye shavu jeusi alikuwa amelala ubavu, shingo imenyooka, jicho lake kubwa limeshatulia. Ndipo nilipotambua kwa nini gari liliegeshwa kimshazari: lilikuwa limewekwa lifuate jua.

"Nilikuwa hapa narekebisha pampu," alieleza Delmer. "Nikasikia mlio mmoja. Nikasema, huyo ni mtu anayejua kazi, wageni hufyatua kama wanapika bisi. Mara huyu akatokea pale juu, akashuka, akazunguka duara moja, akalala. Sikumgusa, ni wako. Nikamwekea kivuli tu. Ningemaliza kikombe kingine ningekufuata, maana ukaidi una kiasi chake, nyama haina."

Bi Arvilla alipiga magoti. Alipitisha vidole kwenye manyoya nyuma ya bega, akasimama navyo mahali pamoja. Palikuwa na tundu dogo, pale panapotakiwa, si mbele wala nyuma.

"Lakini manyoya meupe," akasema. "Kwenye waya. Nilidhani..."

"Amekwaruza tumbo akipita chini ya uzio! Kwani hao wanapitaje? Wanapiga hodi?"

Aliuinamisha uso wake karibu na ubavu wa mnyama, akakaa hivyo. Mabega yake, ambayo tangu kwenye uzio yalikuwa yamepanda mpaka masikioni, yalishuka. Nilivua kofia nikamshukuru Mungu kwa sauti, kwa maneno machache, nao wote wawili wakasema amina. Delmer kwa haraka, kama mtu anayelipa ushuru wa daraja.

Kisha kazi ikaanza, kwa maana shukrani haipoozi nyama. Bi Arvilla alimfunga mnyama lebo ya leseni yake, akatoa kisu, akapasua tumbo kwa mkato mmoja mwepesi uliokumbuka kazi ya jikoni ya miaka mingi. Delmer alishika mguu wa nyuma juu, akitoa ushauri ambao haukuombwa.

"Angalia kibofu."

"Nimewapikia watoto wako wote watatu, Delmer Rukavina. Usinifundishe nyama."

"Ndiyo, na wote watatu mpaka leo hawali karoti."

Mapafu yalikuwa yamepasuka yote mawili. Aliyaonyesha kwetu kwa ncha ya kisu, bila kusema, na uso wake uling'aa kama wa mwanafunzi aliyerudishiwa jibu sahihi. Tulimchuna pale pale kwenye ndoano ya kinu, hewa ikapita, nyama ikapoa. Tukaiosha kwa maji ya hodhi, tukaipanga kwenye masanduku ya barafu. Sarara zote mbili, zile nyama laini za mgongoni, alizikata kwanza, akazifunga ndani ya ile aproni nyeupe, akamkabidhi Delmer.

"Sitaki."

"Hujaulizwa."

Delmer alikipima kifurushi mkononi. "Unazipika na vitunguu?"

"Siagi, vitunguu, na usikaushe kama soli ya kiatu. Au njoo Jumapili nikupikie mimi, maana najua utaharibu."

"Jumapili Mchungaji atataka niende kanisani kwanza."

"Mchungaji alishastaafu," nikasema. "Lakini masikio yake bado yanafanya kazi."

Wakati wa kurudi, Bi Arvilla alisema mikono yake imechoka, akanipa funguo. Aliketi kiti cha abiria, miguu juu ya kamba iliyoviringishwa sakafuni, harufu ya damu na pakanga ikitujaza. Aliongea njia yote kutoka bondeni: kuhusu friza, kuhusu maini, kuhusu yule mfugaji wa kondoo na jinsi atakavyomsimulia habari hii bila kumbakizia hata neno.

Tulipofika kwenye geti bado lilikuwa wazi, nyaya zake zimeegemea nguzo. Nilipita. Nikasikia mlango wa abiria ukifunguliwa, nikasimamisha.

Alikuwa ameshashuka. Alitembea mpaka kwenye nguzo, akaweka kiganja juu yake, akasimama akiwatazama ng'ombe weusi waliokuwa wakipita mmoja mmoja kwenda kunywa. Mmoja alisimama akamtazama naye, akapita. Kisha akarudi, akapanda, akafunga mlango.

"Umeshukia nini?" nikamuuliza. "Hakuna cha kufungua wala kufunga."

"Abiria ndiye anayeshuka," akasema Bi Arvilla, akajifunga mkanda. "Nimeshuka kuliacha."